Yai la Kasuku Lilipewa Namba

"Soma tena," Delphine alisema.

Thierry, mpolisi anayeandika mashitaka, alimtazama juu ya miwani yake. Hakuzoea kuamriwa na mwanamke aliyekaa kwenye benchi ya wageni, kitenge kimekazwa kifuani kama mtu mwenye homa. Lakini asubuhi ile hakuwa na foleni, na mwandiko wake mwenyewe ulimpendeza. Akasoma.

"Namba moja: kasuku ya kijivu, jike, muzima, bawa ya kushoto imevunjika. Namba mbili: yai moja ya kasuku, haina kasoro. Namba tatu: yai moja ya kasuku, imepasuka, ndani mule kifaranga kimeisha kuumbika, kiko na mudomo na makucha. Vyote vilikamatwa ndani ya kikapu, nyuma ya pikipiki ya mushitakiwa Gentil, siku ya kwanza ya juma, saa kumi ya mchana, karibu na soko ya Bagira." Akalowesha kidole, akageuza ukurasa. "Pikipiki ile ile iligonga mwanamuke Delphine, miaka makumi mbili na tatu. Michubuko ku mugongo na ku kiuno. Apumuzike siku kumi. Njo hiyo. Imeisha."

"Na mutoto?"

"Mutoto gani?"

"Ule nilikuwa naye mu tumbo. Miezi saba na nusu."

Thierry aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi tu, na mtu wa karatasi akikosa karatasi huona kama amekosewa heshima.

"Mama, mimi naandika kile macho yangu inaona, ao kile karatasi inasema. Kasuku niliona. Yai niliona. Ile yenye imepasuka iko mu frigo kwa Maître, na etiketi juu. Karatasi yako ya kituo cha afya inasema michubuko. Mutoto nitamutoa wapi?"

Maître aliyetajwa alikuwa ameketi pale pale, pembeni ya dirisha. Aliitwa Ariane, mwanasheria wa shirika moja linalotetea wanyama wa pori. Viatu vyake vilikuwa safi licha ya matope ya Bukavu, na sauti yake ilikuwa ya upole, upole wa mtu anayetaka kumaliza haraka.

"Pole sana, mama. Inaniuma. Lakini sheria yenye mimi natetea inalinda ndege, kiota chake na yai lake. Nimetumwa kwa hayo tu."

"Na kiota changu?"

"Mama, mimi sikutunga sheria."

"Lakini uliisoma," Delphine alisema. "Uliisoma yote, mupaka ku mayai. Haukuona wamesahau mutu?"

Ariane alitazama viatu vyake. Thierry alijikohoza.

"Mama, umejimwangia maji," alisema, akionyesha kwa kidevu.

Delphine akainamisha kichwa. Kitenge kilikuwa kimelowa sehemu mbili, madoa mawili yaliyokuwa yanakua taratibu. Siku nane maziwa yalikuja kwa saa zake, kama mgeni ambaye hakupata habari kwamba sherehe imevunjwa.

"Siyo maji," alisema.

Thierry akaelewa, akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangika tayari. Alipozungumza tena hakumtazama.

"Kesi itasikilizwa siku ya tano ya juma hii. Leta karatasi yenye inasema mutoto alikuwako, na alikufa sababu ya ile pikipiki. Ukileta, mimi naongeza namba ine. Bila karatasi sina kitu."

*

Nyumba yao ilikuwa Bagira, vyumba viwili vya kupanga na kipande cha ardhi nyuma chenye migomba sita. Mama mkwe wake, Godelive, alikuwa mlangoni akichambua maharage kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Unatoka wapi?"

"Kwa polisi."

"Mwanamuke hajamaliza ata juma mbili, anatembea mu barabara na harufu ya maziwa. Batu banacheka, we unafikiri banakusalimia."

"Mama, karatasi ya kituo cha afya inasema michubuko tu. Juu ya nini haisemi mutoto?"

Godelive alitupa jiwe dogo uani. Likafuata lingine.

Katika ua ule, na katika nyua nyingi za mlima ule, mtoto aliyetoka bila kulia hapewi jina. Haliliwi na mtu. Mwanamke mzee wa nyumba humchukua siku hiyo hiyo akamfunika udongo, baba asione, mama asijue ni wapi. Na haandikwi popote, kwa maana huaminiwa kwamba anayeandikwa anaitwa, na akiitwa atarudi kuwachukua wadogo zake. Godelive mwenyewe alizikiwa hivyo watoto watatu kabla ya kumpata Bisimwa. Basi usiku ule wa ajali, pale kituo cha afya, mkunga alipofungua daftari kubwa na kuuliza tarehe, Godelive aliweka kiganja chake juu ya ukurasa. Mkunga alingoja kidogo. Kiganja hakikuondoka. Daftari likafungwa.

"Mimi njo nilimukataza," alisema sasa. "Nilimwambia asiandike. Nilikufanyia vile mama yangu alinifanyia."

"Hukuniuliza."

"Ulikuwa unalia kama mbuzi. Ningekuuliza nini?"

"Mama, yai ya kasuku iko na namba. Yai! Imepasuka, na iko na namba tatu. Na mutoto yangu..."

"Nyamaza!" Ungo ulitetemeka. "Haumwite! Unataka kuniharibia kizazi yote juu ya karatasi? Waache waandike ndege zao. Ndege haina muzee wa kumuchungia kizazi."

Bisimwa, mume wa Delphine, aliingia uani kwa miguu, na kwa miguu yake tu wote wawili wakajua kuna jambo. Alikuwa akiendesha pikipiki ya mtu, na mtu huyo ni Lucien. Lucien alikuwa na pikipiki sita. Ya Gentil, ile iliyobeba kikapu, ilikuwa mojawapo.

"Amekamata pikipiki," Bisimwa alisema. "Mbele ya bamotari yote, bale ba pikipiki. Amesema: bibi yako anapeleka Gentil ku prison, na we unataka kukula kwangu? Shuka. Nikashuka."

"Ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini, Delphine? Nimeshuka."

Alikaa kwenye kizingiti akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu, na kidole kilichokuwa kinatokeza kilimtia mkewe huruma, kisha hasira kwa sababu ya huruma hiyo.

"Mutoto hatarudi," alisema bila kumtazama. "Pikipiki inaweza kurudi."

Delphine aliyasikia maneno hayo vizuri. Miaka mingi baadaye angeweza kusema jua lilikuwa wapi aliposikia.

*

Kesho yake Lucien alikuja mwenyewe. Alikalia kiti cha Bisimwa bila kuulizwa, mwenye nyumba akakaa juu ya kidumu cha maji. Alileta sukari kilo mbili, mchele, na karatasi iliyopigwa chapa.

"Mimi sikuya na ubaya," alianza. "Mama Godelive ananijua. Papa Bisimwa ananijua. Gentil ni mutoto wa dada yangu. Alipewa kikapu kule kijijini Miti, apeleke mu town, hakufungua. Ndege si yake. Na wewe, mama, ulikuwa unavuka bila kuangalia."

"Nilikuwa pembeni," Delphine alisema. "Nilikuwa nachagua mboga ya lengalenga. Mwenye kuuza njo alinivuta, bila yeye ningekufa."

"Basi, Mungu ni mukubwa, haukufa." Akaweka karatasi juu ya meza. "Hapa inasema familia imesamehe. Imeisha nyumbani. Ya kasuku tutaonana nayo, kuko faini, na bale ba shirika bako macho. Lakini damu ya mutu ikiingia mu dosie, Gentil hatatoka mule. Dada yangu atakufa."

Delphine aliigeuza karatasi ile uso chini.

"Rudia hiyo," alisema.

"Nini?"

"Umesema damu ya mutu."

Lucien akacheka kidogo, akamtazama Bisimwa kama kumwomba msaada. "Ni maneno tu, mama. Njo vile batu banasema."

"Hapana. We unajua alikuwa mutu. Mu nyumba hii yote, na kule kwa polisi, ni wewe peke yako umesema. Na unasema ili asiandikwe."

"Bisimwa," Lucien alisema, sauti imebadilika, "bibi yako njo anajibu wageni hapa?"

Bisimwa alichukua kalamu. Aliweka sahihi haraka, akiegemea meza upande mmoja, kama mtu anayechomoa mwiba. Godelive, ambaye hakujua kuandika, alibonyeza kidole gumba kwenye wino wa Lucien. Delphine alipopewa kalamu aliitazama, akaenda jikoni, na mchele ule hakuupika.

"Haizuru," Lucien alisema akiinuka. "Mama mukwe anatosha. Siku ya tano nitapitisha gari, ataenda kusema mbele ya hakimu kwamba imeisha. Na jioni yake Bisimwa atakuya kuchukua pikipiki yake. Ile mupya."

*

Kituo cha afya siku ya nne, Alhamisi, kilikuwa kimejaa wajawazito; ni siku yao ya kupimwa. Delphine alipita katikati ya matumbo hayo akitazama sakafu. Mmoja, Priscille, aliyekuwa akikaa naye benchi moja mwezi uliopita, alimshika mkono kwa furaha.

"Eh, Delphine! Umeisha kuzala? Ulitupita! Ni kijana ao ni binti?"

"Ni kijana," Delphine alisema.

"Pongezi! Umemuacha na nani?"

Delphine aliukaza upya kitenge kifuani. Priscille akaona kifua chake, akaona uso wake, na taratibu akauachia ule mkono. Wengine wakasogeza miguu ili apite, wakasogeza zaidi ya ilivyohitajika, kila mmoja akilikumbatia tumbo lake.

Noëlla, mkunga, alimvuta nyuma ya kabati la dawa.

"Najua juu ya nini umekuya. Sikulala vizuri toka ile siku."

"Andika, basi. Daftari iko pale."

"Niandike leo kitu cha siku kumi zenye zimepita? Batasema nimekula pesa yako. Batanifukuza, na karatasi yako haitakuwa na maana." Noëlla alishusha sauti. "Sikiliza. Nilimupima. Kilo moja na gramu mia tisa. Nilimuosha. Halafu nilimuweka mu mikono ya mama mukwe wako. Ni sisi wawili tu tulimuona. Yeye akisema mbele ya hakimu kwamba alimupokea, mimi nitakuya na daftari, nitaandika, nitatia saini, ata bakinifukuza. Asiposema, ni kinywa changu na chako. Na kinywa cha mama mwenye kilio, maître yoyote atakitafuna."

"Hatasema. Siku ya tano anaenda kusemea Lucien."

"Basi muombe."

"Nimuombe kitu chenye alinikataza ata kutaja?"

Noëlla alitazama mikono yake. "Dada," alisema, "kosa ni yangu. Kiganja cha muzee kilikuwa juu ya ukurasa, nikaona haya kukiondoa. Njo hivyo tu. Haya."

*

Alimwomba asubuhi ya siku ya tano. Godelive alikuwa akijifunga kitenge kizuri, kile cha sikukuu za kanisa, mbele ya kioo chenye ufa. Delphine alipiga magoti nyuma yake, juu ya sementi baridi.

"Mama, sikuombi ukatae Lucien. Sikuombi juu ya pikipiki. Sema tu ulimubeba. Neno moja."

"Simama, batu batakuona."

"Hakuna batu hapa."

Godelive alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. "Nilizikiwa batatu," alisema kwa kioo. "Wa kwanza nilikuwa na miaka kumi na saba. Sikuwasema kwa baba yake Bisimwa, sikuwasema ku kitubio kwa padri. We unataka nikasimame mbele ya bamotari na bapolisi niseme wa ine? Kwa mudomo gani?"

Honi ya gari la Lucien ililia barabarani. Godelive akamruka mkwewe aliyepiga magoti, kama mtu anavyoruka dimbwi, akatoka. Bisimwa alimfuata mama yake. Delphine alijifunga kitambaa kifuani, tabaka mbili, akateremka mjini kwa miguu.

*

Chumba cha hukumu kilikuwa na benchi za mbao na joto la bati. Juu ya meza, mbele ya hakimu, kulikuwa na tundu, na ndani yake kasuku mwenye bawa lililofungwa bandeji nyeupe safi. Pembeni ya tundu kulikuwa na chupa mbili za kioo zenye etiketi. Watu waliinuka kwenye benchi ili waone kilichomo, wakanong'onezana, wakakaa.

Gentil alisimama mbele, kijana mwembamba, macho chini. Maître Ariane alizungumza vizuri. Alisema ndege huyu anamalizika katika misitu yetu. Alisema anayebeba yai anabeba ndege wote ambao wangetoka humo, na watoto wa ndege hao, na kwamba yai lililopasuka, lenye kifaranga kamili, ni kiumbe ambacho nchi imepoteza. Delphine alimsikiliza, na la kumtesa zaidi ni kwamba hakuona neno hata moja la kukataa. Yote yalikuwa kweli. Aliona tu kwamba kila neno lingemtosha mwanawe, kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake ikavalishwa mwingine.

Akainua mkono.

"Kuna nini, mama?" hakimu aliuliza. Alikuwa mzee mwenye sauti iliyochoka.

"Mimi njo nilipigwa na ile pikipiki. Nilikuwa na mimba. Mutoto alikufa. Haiko mu dosie."

Aliyejibu si hakimu. Ni Maître Héritier, aliyelipwa na Lucien, mtu wa tai nyekundu na meno mazuri.

"Mimba gani, bwana hakimu? Nimesoma karatasi ya kituo cha afya mbele na nyuma, nimeigeuza ata kichwa chini. Michubuko! Mwili uko wapi? Jina? Kaburi? Yai la kasuku nimeliona, liko pale. Mutoto wa huyu mama nani amemuona?"

Watu wakacheka. Mtu wa nyuma akasema, "Aweke mu chupa na yeye!" wakacheka zaidi.

Héritier aliona kicheko kimemkubali, akaenda mbele. "Na tuseme alikuwako. Basi tujiulize maulizo ingine. Mwanamuke wa mimba kubwa anafanya nini mu njia ya pikipiki? Mimba zingine hazitakiwe, bwana hakimu, sisi wote ni bakubwa. Mutu anakunywa dawa, haitoshi, anajitupa. Kutoa mimba ni kosa mu sheria ya inchi yetu. Pengine mushitakiwa wa kweli amekaa pale ku benchi, anatulilia hapa."

Mwendesha mashitaka, ambaye tangu asubuhi alikuwa akijipepea kwa gazeti, aliweka gazeti chini. Akachukua kalamu. Akauliza jina kamili la Delphine na mahali anapokaa.

Delphine alitazama kalamu ile ikitembea. Siku kumi na moja mwanawe hakuwako. Alitafutwa polisi hakuwako, alitafutwa kituo cha afya hakuwako. Sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwako, na amepatikana kwa ajili ya kumfunga mama yake.

"Kabla ya hapo," Héritier alisema, "niko na shahidi. Mama mukwe wake mwenyewe. Atasema kwamba familia haina shida na Gentil. Mama Godelive, simama."

Godelive alisimama. Lucien alimnong'oneza jambo. Hakuonekana kulisikia; alikwenda mbele. Alikuwa akimtazama Héritier, na kwa jicho lile wanaomjua wa Bagira wangesogeza watoto wao mbali.

"Mama," hakimu alisema, "ni kweli imeisha nyumbani?"

"Nilikuya kusema vile. Nilitia kidole ku karatasi. Lakini uyu kijana wa tai amesema mu nyumba yangu banatoaka mimba."

"Mama, mimi nilikuwa tu..." Héritier alianza.

"We nyamaza, ulisema, sasa ni zamu yangu. Ulisema nani amemuona. Mimi!" Aliinua mikono yote miwili juu, vidole vimefunguka, ili hata wa nyuma waone. "Nilimupokea na hizi. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi. Alikuwa na masikio ya baba yake, ile ya kusimama. Ku mugongo, upande wa kushoto, alikuwa na alama nyeusi, pana kama kiganja, pale pikipiki ilipita ku mama yake ikamukuta. Kilo yake iulizwe kwa mukunga, alimupima. Mimi njo nilimukataza kuandika. Mimi njo nilimuzika. Uyu muke hakukunywa dawa. Alikuwa anachagua lengalenga ya kutupikia, na alikuwa ameisha kushona vikofia vitatu. Mwenye anatupa mutoto anashonaka kofia?"

Hakuna aliyecheka. Kasuku alikwaruza chuma cha tundu kwa kucha.

Hakimu alivua miwani. "Pole, mama. Lakini sikiliza. Mbele ya sheria mutoto anahesabika mutu akizaliwa muzima. Huyu hakuzaliwa muzima. Kile umesema hakimo mu mashitaka." Akamgeukia karani. "Futa hiyo."

Karani aliinua kalamu.

"Kama unafuta mutoto," Godelive alisema, "futa na yai."

"Mama..."

"Yai ililia? Nani aliisikia ikilia? Kama mwenye hakulia haandikwi, basi, mimi nilikulia ku ile sheria, ni sheria ya mama yangu. Lakini iwe moja! Futa na yai. Fungua tundu, twende nyumbani."

Kalamu ya karani ilibaki hewani. Hakimu alimtazama Ariane, kama vile yeye ndiye angeweza kumtoa hapo. Ariane alisimama polepole, akapanga karatasi zake ambazo hazikuhitaji kupangwa.

"Bwana hakimu, upande wangu hauna pingamizi iandikwe," alisema. Kisha, chini zaidi: "Sikutumwa kusema hivi."

"Mimi niko na pingamizi!" Héritier alipaza sauti. "Kubwa!"

"Wewe ulimuita shahidi," hakimu alisema. "Sasa umemupata." Alijipangusa uso kwa leso. "Karani, usifute. Weka namba ine. Mukunga aitwe siku ya tano yenye inakuya, alete daftari yake. Kama sheria ina mahali pa kuiweka, tutatafuta. Kama haina, itabaki imeandikwa. Na wewe," akamwambia mwendesha mashitaka, "ile karatasi yenye umeanza juu ya huyu mama, ipasule."

Mwendesha mashitaka aliipasua mara mbili, bila haraka, akachukua tena gazeti lake.

Godelive aligeuka kuondoka. Alipita mbele ya Delphine kurudi benchi, na Delphine alinyoosha mkono. Mzee hakuushika.

"Usifikiri nimekupenda," alisema kwa meno. "Umenifanya niseme mbele ya batu. Mungu anajua kama nitakusamehe."

Lakini hakurudi kwa Lucien. Alikaa pembeni ya mkwewe, nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Namba ine," karani alisoma akiandika. "Mutoto mwanaume. Jina?"

Godelive alifumba macho. Delphine alikuwa na jina. Alilibeba tangu mwezi wa nne wa mimba, usiku mmoja walipolichagua wakicheka, yeye na mumewe, kichwa chake juu ya mkono wa mume. Alifungua kinywa kulitaja.

"Murhula," mtu alisema kutoka mlangoni.

Ni Bisimwa. Alikuwa amesimama nyuma muda wote, mahali ambapo mtu anaweza kuondoka bila kuonekana. Lucien aligeuka, akamtazama.

"Bisimwa, fikiri vizuri," Lucien alisema. Hakupaza sauti. Haikuhitajika.

"Jina la baba?" karani aliuliza bila kuinua kichwa.

"Bisimwa."

"Baba muzima, ao alikufa?"

Bisimwa alipita kati ya benchi. Ili kufika mbele ilimbidi kumruka Lucien miguu, kwa kuwa Lucien hakuiondoa. Akaja akakaa kwenye ile nafasi ya mtu mmoja, katikati ya mama yake na mke wake.

"Niko hapa," alisema.

Karani aliandika. Aliandika polepole, na watu wote wakangoja amalize.